Nini Kinakwenda Hapa? Kitenzi "run" Mezani kwa Mfasiri

Ndugu walimu, ndugu wafasiri, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa, hamjambo?

Nimekuja na karatasi moja iliyokwisha kuwa ya manjano. Ni ukurasa wa maelekezo ya jenereta nilioufasiri zamani, nikiwa kijana anayehesabu kazi kwa idadi ya kurasa. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa fupi: "Never run the generator indoors." Maneno matano tu. Mimi bila hata kuinua kalamu nikaandika, "Kamwe usikimbize jenereta ndani ya nyumba," nikashuka mstari wa pili.

Mhariri aliyekuwa akinisimamia, mama mtu mzima, aliniita mezani kwake. Hakunigombeza. Aliweka ncha ya penseli chini ya neno "usikimbize" akaniuliza, "Mwanangu, nini kinakwenda hapa?"

Nikamjibu, "Jenereta, mama."

"Inakwenda wapi?"

Nikanyamaza. Akaendelea kwa upole, "Mtu akisoma hivi atadhani tunamwonya asiibebe mbio sebuleni akajikwaa. Kwa hiyo ataiweka chini taratibu, ataiwasha, atafunga mlango, atalala."

Nadhani mnaelewa kwa nini nimeitunza karatasi hii. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na damu yetu inaishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko inavyoshika oksijeni. Aliyelala humo anaweza asiamke tena. Yule mama alilifuta neno langu, akaandika juu yake kwa mkono wake: "Usiwashe." Neno lenye silabi nne, lisilofanana na "kukimbia" hata kidogo, ndilo lililokuwa tafsiri sahihi ya "run" siku ile.

Tangu hapo kitenzi hiki nimekiheshimu, na kwa kweli nimekipenda. Leo nataka tukitazame pamoja, kwa sababu naona vijana wengi wanakihofia isivyostahili, na wengine wanakidharau kama nilivyokidharau mimi.

Tuanze na ukubwa wake. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipoiandika upya sehemu ya "run", kazi iliyotangazwa mwaka 2011, walikihesabia kitenzi hicho peke yake maana 645. Mwanakamusi Peter Gilliver, aliyeishughulikia, alikaa na neno hilo moja kwa takriban miezi 9. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set": katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, "set" ilikuwa na maana 430 na maelezo ya maneno yapatayo 60,000. Hicho ni kitabu kizima, cha neno la herufi tatu.

Wala si sisi wageni tu tunaohangaika. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu mwaka 1755, alilalamika katika dibaji kwamba Kiingereza kina kundi la vitenzi ambavyo maana zake ni legevu mno, zimepinda mbali na chimbuko, hata ni shida kuzifuata. Akavitaja, na "run" imo. Mwenye lugha yake, tena bingwa, alikiri kwamba vinamtoa jasho. Basi mwanafunzi akikwama mbele ya neno hili, tusimcheke.

Lakini kabla hatujalionea fahari au hofu neno la wenzetu, hebu tujisikilize wenyewe. Tunapiga simu. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki. Tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga magoti. Mtu anapiga chafya, anapiga miayo, anapiga mbizi, anapiga soga. Serikali inapiga marufuku. Mwenye huzuni anapiga moyo konde. Ni nani aliyepigwa katika hayo yote? Hakuna. Mtoto wa miaka mitano anayasema bila kufundishwa na mtu, na hajawahi kudhani kwamba anayepiga mswaki ana ugomvi na mswaki wake. Hulisikia jina linalofuata, na maana inamjia kutoka hapo.

Ustadi huo ndio unaotakiwa kwa "run". Kosa langu halikuwa uchache wa msamiati. Niliisoma "run" peke yake, kana kwamba maana imefungiwa ndani yake, na jirani yake "generator" nikamwacha asimame nje. Kama ningeifanyia "run" kile ninachoifanyia "piga" kila siku ya maisha yangu, nisingekosea.

Sasa tuchimbe kidogo, maana chini kuna hazina.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuingia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili hapa. Kimoja kilikuwa "irnan", cha kitu kinachokwenda chenyewe: mtu anayekimbia, maji yanayotiririka. Kingine kilikuwa "ærnan", cha kukifanya kitu kiende, kwa mfano farasi. Waskandinavia waliohamia huko walikuja na neno lao la ukoo huo huo, "renna". Karne zikapita, matamshi yakasogeleana, na vyote vikaishia kuwa kitenzi kimoja. Kijerumani cha leo bado kinatuonyesha jozi hiyo: "rinnen" ni kutiririka, "rennen" ni kukimbia, na hiki cha pili hapo mwanzo kilikuwa na maana ya kukifanya kitu kitiririke.

Mswahili akisikia habari hii hana haja ya kushangaa. Kitu kinakwenda, na mtu anakifanya kiende: sisi tunazo kwenda na kuendesha. Wenzetu walikuwa na mtindo kama wetu wa kauli ya kutendesha, ila wao walibadili irabu ya ndani ilhali sisi tunabadili mkia. Masalia yake yapo hata leo. "Lie" na "lay" ni lala na laza. "Fall" na "fell", ile ya kuangusha mti, ni anguka na angusha. "Drink" na "drench" zilianza kama nywa na nywesha. Na "set", yule bingwa wa zamani mwenye maana 430, kwa asili ni kauli ya kutendesha ya "sit": ni ketisha! Mimi nilipoligundua hili nilisimama chumbani peke yangu nikacheka kwa furaha. Miaka yote tumekuwa tukiwafundisha watoto orodha za maneno haya kama mawe yasiyohusiana, na kumbe yamepangwa kwa kanuni wanayoijua tangu wakiwa mgongoni mwa mama.

Kwa "run", kanuni hiyo ilimezwa. Umbo likawa moja, kazi zikabaki mbili. "The engine runs" na "I run the engine" zinatumia neno lile lile, na msomaji anatambua tofauti kwa kuangalia kama kuna kitu baada ya kitenzi. Sisi hatuna ruhusa ya kuificha tofauti hiyo. Lazima tuseme "injini inafanya kazi" au "inaunguruma", kisha "ninaiendesha" au "nimeiwasha". Kwa hiyo swali la yule mama, nini kinakwenda hapa, nimeliongezea mwenzake: na nani anakiendesha? Mwanafunzi akijibu haya mawili, nusu ya zile maana 645 zinaanza kujipanga zenyewe.

Tazameni neno "endesha" lenyewe lilivyo tajiri. Tunaendesha gari, tunaendesha biashara, tunaendesha mkutano, tunaendesha kesi, tunaendesha programu ya kompyuta. Katika yote hayo Kiingereza kinaweza kusema "run", isipokuwa gari, ambalo wao huliambia "drive", na kesi. Na tumbo likiharibika, tunasema mgonjwa anaendesha. Kiingereza cha mitaani nacho huuita ugonjwa huo "the runs". Lugha mbili zisizo na undugu wowote wa damu, moja ya Ulaya kaskazini na moja ya Kibantu, zimefikia picha moja kwa njia zao: mwendo usioweza kuuzuia. Nawaomba mlikumbuke hili mnapoambiwa kwamba Kiingereza kina mantiki yake ambayo Mswahili hawezi kuingia.

Nilitaja maji, na hapo ndipo mfasiri anapopata kazi ya kweli. "Run" ya Kiingereza tangu zamani imebeba mwendo wa maji pamoja na mwendo wa miguu. Mto "unakimbia", bomba "linakimbia", pua "inakimbia", wino "unakimbia", rangi ya nguo "inakimbia", mshumaa "unakimbia". Kwa Kiswahili, hakuna hata kimoja hapo kinachokimbia. Mto unapita au unatiririka, bomba linamwaga, mtoto anatokwa na kamasi, wino umetapakaa, nguo inachuja rangi, nta ya mshumaa inachuruzika. Kitenzi kimoja kwao, sita kwetu.

Wako wanaolihesabu hilo kuwa udhaifu wa Kiingereza, na wako wanaolihesabu kuwa udhaifu wetu. Mimi naliona kuwa ni suala la lugha ipi inakulazimisha kutazama nini. Chukueni sentensi hii, ambayo mtaikuta katika hadithi nyingi: "Tears ran down her face." Mwandishi wa Kiingereza hakutuambia machozi yalikuwa mengi kiasi gani. Hakulazimika. Mimi ninayefasiri nalazimika. Je, yalimtiririka, yaani kwa mfululizo, bila kukoma? Yalimchuruzika, uzi mwembamba mmoja shavuni? Yalimbubujika, kama chemchemi iliyozibuka? Kila neno linamfanya mwanamke huyo kuwa mtu mwingine. Anayechuruzikwa machozi huenda anajizuia mbele ya watu. Anayebubujikwa ameshindwa kujizuia. Siwezi kuchagua kwa kuitazama sentensi hiyo peke yake. Narudi kurasa kumi nyuma nijue ni mtu wa namna gani, ameambiwa nini, nani yuko chumbani. Mara moja nilifasiri mahali kama hapo "yalimbubujika", kisha kurasa tatu mbele nikakuta watu waliokuwa mezani hawakugundua kwamba alilia. Nikarudi kufuta. Ilikuwa "yalimchuruzika", tena kimyakimya.

Picha ya maji imeenea mbali zaidi ya maji. Muda nao "unakimbia" hadi kwisha, na nyuma ya usemi huo mimi huiona ile saa ya mchanga, chembe zinavyoteremka hadi chupa ya juu ibaki tupu. "We have run out of fuel": tumeishiwa mafuta. Simameni kidogo kwenye neno "tumeishiwa". Isha, ishia, ishiwa. Mafuta yameisha, yametuishia sisi, na sisi tumebaki tukipokea hasara ya kuisha kwake. Yote hayo katika neno moja, bila kihusishi chochote. Kiingereza kinahitaji "run", kisha "out", kisha "of". Mwanafunzi wenu akiwauliza kwa nini Kiingereza kina vineno vingi vidogo baada ya kitenzi, mwambieni kwamba vineno vile ni mikia ya vitenzi vyetu iliyokatwa ikaandikwa mbali kidogo na mwili.

Ndiyo. Sisi tunasema kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbiliwa. Wao wanaiacha "run" jinsi ilivyo, kisha wanaongeza "away", "to", "after", "into". Anayekimbia nchi na anayekimbilia nchi wameachana kwa silabi moja tu, "-li-", na bado safari zao zimeelekeana kinyume: mmoja anaipa nchi mgongo, mwingine anaipa uso. Silabi hiyo ndogo inafanya kazi ya kihusishi kizima.

Lakini hapa lazima niwaonye, kwa sababu mikia yetu ina tabia nzuri kuliko vihusishi vyao. Mkia "-li-" ukiuelewa, utakusaidia karibu kila mahali. Kihusishi cha Kiingereza hakitoi ahadi hiyo. Tuchukue "run over", tuiweke kwenye mwanga.

"The car ran over a dog." Gari limemkanyaga mbwa.

"The bath ran over." Maji ya beseni yamefurika.

"The meeting ran over." Mkutano umepitiliza muda.

"She ran over her notes." Alizipitia haraka haraka zile kumbukumbu zake.

Sentensi nne, maneno yale yale mawili. Sasa rudini kwenye swali letu. Katika ya kwanza kinachokwenda ni gari, nalo linapita juu ya kitu. Katika ya pili yanayokwenda ni maji, nayo yanavuka ukingo. Ya tatu, muda unavuka ukingo vilevile, ila ukingo wenyewe umo katika ratiba. Ya nne, macho yanapita juu ya karatasi kama gari lilivyopita juu ya mbwa, bila madhara. Kumbe "over" ni ama juu ya kitu ama kuvuka ukingo, na mambo ni mawili, si manne. Nimewahi kulifundisha darasa zima kwa mistari hii minne ubaoni, saa nzima, na sikuona kwamba muda umepotea. Afadhali mwanafunzi azielewe nne hizi mpaka azione kwa macho kuliko kukariri arobaini zilizoandikwa nyuma ya kitabu.

Nyinginezo nazipitia mbio. "Run into" ni kukumbana na mtu bila kupanga, au kugonga kitu. "Run through" ni kupitia jambo toka mwanzo hadi mwisho. "Run up" deni ni kulilimbikiza. "Run down" ni betri iliyokwisha nguvu, jengo chakavu, mtu aliyechoka, au mtu anayesemwa vibaya mbele ya wenzake. Hizi kamusi yoyote nzuri itawapa, na sina la kuongeza.

Liko kundi moja linalowapotosha hata wazoefu. Ni pale "run" inapofuatwa na kivumishi. Kisima "run dry", mtoto "run wild", akiba "run low". Hapo msitafute mwendo wowote wa kufasiri. Kitenzi kimekuwa daraja tu la kutuvusha kwenda kwenye hali mpya: kisima kimekauka, mtoto ameharibikiwa na malezi, akiba imepungua. Lugha yetu ina kitenzi maalumu kwa kila hali, kwa hiyo daraja hatulihitaji. Mkiona kivumishi, rukeni moja kwa moja hadi ng'ambo.

Barabara nazo. Kiingereza husema barabara "inakimbia" kandokando ya mto. Wanafunzi huona ajabu, kwa kuwa barabara haisogei hata kidogo. Mimi huwauliza: ninyi mkipotea njia, mnamwambiaje mtu? "Samahani, barabara hii inakwenda wapi?" Darasa huangua kicheko. Barabara yetu nayo inakwenda, inapita, inakata kona, inapanda, inashuka. Anayesogea kwa kweli ni jicho letu linaloifuata. Hali ni hiyo hiyo kwa tabia au ugonjwa ambao Kiingereza husema "runs in the family". Sisi husema uko kwenye damu ya ukoo. Wao wanataja mwendo bila kutaja damu, sisi tunataja damu bila kutaja mwendo, na picha inabaki moja.

Siasa inatupa picha tatu kwa tendo moja, na huu ni mmoja wa mifano ninayoipenda zaidi. Mmarekani anayetaka kuchaguliwa "anakimbia". Mwingereza anayetaka ubunge kwa desturi "anasimama". Mswahili anagombea, neno linalotoka kwenye kugomba, kana kwamba kiti kiko katikati na watu wamekishika pande zote mbili wakivutana. Hata hivyo tunasema pia chama kimemsimamisha fulani, na watangazaji wetu husema mbio za urais, kwa hiyo picha zote tatu tunazo mfukoni. Hata "run-off" ilitoka kwenye mashindano ya mbio: wakimbiaji wawili wakifungana, wanarudia ili apatikane mmoja. Sisi tunaiita duru ya pili. Mfasiri asipojua asili hiyo hatapungukiwa kitu. Akiijua, ataelewa kwa nini makala ya uchaguzi ya Kimarekani ikianza na "run" huendelea na farasi, mstari wa kumalizia na kupumua kwa shida, na ataamua mapema kama atazifuata picha hizo au ataingia kwenye za kwetu za kuvutana.

Sasa kriketi. Msiogope, sitaeleza mchezo wote, maana hatutaondoka. Katika kriketi pointi moja huitwa "run", na jina hilo lilikuwa la haki kabisa: wapigaji wawili wamesimama ncha mbili za kiwanja chembamba chenye urefu wa mita 20 hivi, mmoja akishaupiga mpira wanakimbia kubadilishana ncha, na kila wakifanikiwa kubadilishana wamepata "run" moja. Walikimbia, wakapata mbio moja. Hakuna lugha iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini mpira ukipigwa ukabiringika hadi kwenye mpaka wa uwanja, timu hupewa "runs" 4. Ukivuka mpaka bila kugusa ardhi, hupewa 6. Na katika hizo 6 mpigaji hahitaji kuinua mguu wake. Amesimama, gongo begani, anautazama mpira unavyopotelea kwa watazamaji, na ubao unasema ana "runs" 6.

Kwangu mimi hapo ndipo mtu anaweza kuona kwa macho jinsi maana inavyozaliwa. Neno lilianza kama jina la tendo. Tendo likazaa hesabu. Hesabu ikakua, ikajitegemea, na siku moja ikaweza kuishi bila tendo lililoizaa. Jenereta yangu ilipita njia hiyo hiyo. Gurudumu la kinu lilizunguka kwa nguvu ya maji yanayokwenda. Mitambo ikaja na magurudumu yake. Mapinduzi ya viwanda yakajaza dunia vitu vinavyokwenda vikiwa pale pale viliposimama. Na leo programu ya kompyuta "inakimbia" ilhali hakuna hata kipande cha chuma tunachokiona kikisogea. Kila hatua ilikuwa fupi. Ni urefu wa njia nzima unaotutisha tunaposimama mwishoni na kutazama mwanzo.

Wakati wa chai mmoja wenu aliniuliza kwa nini tusikope tu. Vijana wa kompyuta wanasema "nimeirun", na wanaelewana. Mimi siwazuii, na swali lake ni la haki. Lakini angalieni walichokopa. Wamekopa tawi moja, la mashine na programu, na pengine la biashara. Sijamsikia mtu akisema pua yake inarun, wala kwamba sketi yake imerun rangi. Mti wenyewe umebaki kule kule. Kwa hiyo hata anayekopa bado atahitaji kutiririka, kuchuja, kuishiwa, kugombea, kupitiliza na kuwasha, na hayo yote yanatoka nyumbani. Ninachowaomba vijana hao ni kwamba siku wanapoandikia watu wasiowajua, hasa maelekezo ya mashine au ya dawa, walipime neno kwa msomaji ambaye hana wa kumuuliza. Yule wa jenereta hakuwa na wa kumuuliza. Alikuwa na karatasi tu.

Mmepewa sentensi 12 za kufanyia kazi mchana huu, wawili wawili. Kumi na moja nina majibu yake, na tutayajadili. Ya kumi na mbili nimeiweka kwa sababu inanisumbua mpaka leo: "Let me run this past you." Anayesema ana wazo ambalo bado halijaiva. Hataki ruhusa, hataki uamuzi. Anataka wazo lipite mbele ya macho ya mwenzake ili aone uso wake unasemaje. Nimewahi kuandika "naomba uipitie", ikawa nzito mno, kama barua ya kiofisi. Nikajaribu "hebu sikiliza hili", mwendo wote ukapotea. Siku hizi ninaandika "ngoja nikuonjeshe kwanza", na ninaipenda, ila wazo limegeuka chakula na sina hakika kwamba nina haki ya kuligeuza hivyo.

Naona mwalimu pale dirishani ameinua mkono kabla sijamaliza. Mpeni kipaza sauti, tafadhali. Karibu, mwalimu, wewe ungesemaje?